Kuacha ofisi na kushika randa: Hesabu kwanza, mbao baadaye

MTAALAMU anayeacha kazi ya ofisini na kuingia katika useremala mara nyingi hapotezi fedha zake kwa sababu ya uzito wa mikono. Huzipoteza kwa sababu hakuweka bei ya saa zake mwenyewe, na hakutenga mtaji wa mbao zinazosubiri kukauka. Mambo haya mawili hayaonekani dukani wala kwenye meza iliyokwisha kupigwa vanishi, lakini ndiyo yanayoamua kama karakana itafika mwaka wa pili.

Suala lenyewe si geni nchini. Katika miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakirekebishwa na kuuzwa, wahasibu, wahandisi na mameneja wengi walijikuta nje wakiwa na kiinua mgongo mkononi na watoto shuleni. Baadhi yao walinunua teksi, wengine walifungua maduka, na wapo waliojaribu ufundi. Siku hizi lipo kundi jingine, la wanaoondoka kwa hiari yao. Hawa wamechoshwa na vikao, ripoti na simu za usiku, na wanataka kazi ambayo jioni mtu anaweza kuiona na kuishika.

Sababu hiyo ya pili ni nzuri, lakini soko halilipi sababu. Soko hulipa meza iliyokamilika, iliyofika siku iliyoahidiwa, na ambayo haikupasuka baada ya miezi mitatu.

Soko lilivyo

Jijini Dar es Salaam, jina la Keko limekuwa kama jina jingine la samani. Mafundi wa huko hutengeneza vitanda, makabati, sofa na meza za kulia, na wateja hutoka sehemu nyingi za jiji na hata mikoani. Anayetoka ofisini akaanzisha karakana yake hukutana kwanza na ushindani wa mafundi hawa, ambao wameanza kazi wakiwa vijana, wana mikono myepesi, na pango lao limegawanywa kati ya watu wengi.

Upande wa pili wapo waagizaji wa samani kutoka nje, hasa za mbao zilizosagwa na kugandamizwa kisha kufunikwa karatasi ngumu inayofanana na mbao. Bidhaa hizi ni nyepesi, hufika zikiwa nyingi kwa mara moja, na hupendeza machoni. Udhaifu wao ni maji na uzito: zikilowa huvimba, na skrubu ikishalegea ni vigumu kushika tena. Hata hivyo, mteja mwenye nyumba ya kupanga na haraka ya kuhamia hununua hizo, wala hakosei kwa hesabu yake.

Kati ya pande hizo mbili lipo soko dogo la samani za mbao halisi zinazotengenezwa kwa oda. Humo wamo watu wanaojenga nyumba zao, hoteli ndogo, ofisi za mawakili na za washauri, na familia zinazotaka kitanda cha kurithiwa. Mteja wa aina hii huuliza maswali mengi, hutaka kuona mchoro, hutaka bei kwa maandishi na risiti. Hapa ndipo mtu aliyetoka ofisini anapokuwa na nafasi, kwa sababu anayajua mambo hayo tangu zamani.

Mahitaji nayo hayako sawa mwaka mzima. Kabla ya Idi na Krismasi wengi hutaka kubadilisha sebule. Januari ni mwezi wa ada, na fedha za nyumbani huelekea shuleni. Aliyezoea mshahara wa kila tarehe ya mwisho wa mwezi hana budi kujifunza kuweka akiba ya Desemba kwa ajili ya Februari.

Mbao haziharakishwi

Mti uliokatwa karibuni huwa na maji mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Kwa samani za ndani, mafundi hulenga kiasi cha asilimia 12 hivi. Katika kushuka kutoka kiwango kimoja hadi kingine, ubao husinyaa, na husinyaa kwa upana wake zaidi kuliko kwa urefu. Ikiwa safari hiyo itamalizikia ndani ya meza ya mteja, uso wa meza utapinda, viungo vitafunguka, na simu ya malalamiko itakuja.

Kukausha kwa hewa ni kazi ya utaratibu. Mbao hupangwa juu ya magogo mbali na ardhi, chini ya paa, na vijiti vya unene ulio sawa huwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Ncha hupakwa rangi kwa sababu hukauka haraka kuliko sehemu nyingine na kuanza kupasuka. Ubao wa inchi moja huhitaji miezi kadhaa, na ulio mnene huhitaji zaidi. Njia rahisi ya kujua hali yake ni kupima kipande kimoja kwenye mizani kila wiki na kuandika uzito wake. Uzito ukiacha kushuka, ubao umetulia kwa hewa ya mahali hapo.

Maneno ya mwisho, "ya mahali hapo", yana uzito wa kibiashara. Dar es Salaam ni pwani na hewa yake ina unyevu. Dodoma iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na ina kiangazi kirefu kinachoanza karibu na Mei hadi Novemba. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba na ofisi nyingi zimejengwa huko, na samani nyingi zimepanda barabara hiyo. Ubao uliotulia pwani haujatulia Dodoma, kwani ukifika huko huendelea kupoteza maji na kusinyaa. Fundi anayelijua hilo huacha uso wa meza uweze kutembea kidogo: matundu ya skrubu chini yake huyafanya marefu badala ya ya duara, na habandiki kwa gundi sehemu inayotakiwa kucheza. Asiyelijua hulaumu vanishi.

Aina ya mbao nayo ni hesabu. Mninga unasifiwa na maseremala kwa sababu hukauka polepole lakini hausumbui sana, na baada ya kukauka hautembei sana. Mkongo nao ni mgumu na mtulivu. Mitiki hupandwa katika mashamba ya miti kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro. Misindano ya shamba la Sao Hill, wilayani Mufindi, hutumika katika ujenzi na katika fremu za ndani za sofa. Miti ya asili huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa, kwa hiyo anayejenga biashara yake yote juu ya mninga peke yake anategemea bidhaa ambayo haiwezi kuongezwa haraka hata bei ikipanda.

Aidha, mbao husafirishwa kwa hati. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji wa mazao ya misitu, na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) hukagua barabarani. Mzigo wa bei nafuu usiokuwa na karatasi unaweza kukamatwa pamoja na gari, na mnunuzi hana pa kudai. Mhasibu wa zamani hatakiwi kuelezwa mara mbili maana ya kununua kitu bila risiti.

Bei ya saa

Hebu mfano uchukuliwe wa meza ya kulia yenye viti sita. Tarakimu zinazofuata ni za kuonyesha njia ya kuhesabu tu. Si bei za soko, na kila mmoja aweke zake.

Mbao, shilingi 400,000. Gundi, msasa, skrubu na vanishi, 60,000. Kulipia mashine ya kupasulia na kurandia, 40,000. Sehemu ya pango na umeme, 50,000. Msaidizi kwa siku sita kwa shilingi 20,000 kila siku, 120,000. Jumla ya gharama ni shilingi 670,000. Fundi mpya anauza kwa shilingi 900,000 na kufurahi kwamba amepata faida ya 230,000.

Swali linalosahauliwa ni saa. Kwa kuwa bado anajifunza, ametumia saa 60 za mikono yake mwenyewe. Gawanya 230,000 kwa 60, utapata shilingi 3,833 kwa saa. Ikiwa ofisini alikuwa akilipwa shilingi 2,000,000 kwa mwezi kwa saa 176, kila saa ilikuwa na thamani ya takriban shilingi 11,360. Maana yake ni kwamba alichokiita faida ni theluthi moja tu ya mshahara aliouacha, na bado hajaweka chochote kwa ajili ya msumeno utakaoharibika.

Baada ya mwaka mmoja au miwili mikono inapata wepesi. Kazi ileile sasa inamchukua saa 30. Jina lake limeanza kujulikana, na anauza kwa shilingi 1,150,000. Sasa zinabaki shilingi 480,000, yaani 16,000 kwa saa. Hapo wengi huona wameshinda.

Lakini fundi mwenye karakana hafanyi kazi ya mbao saa zote. Anakwenda kutafuta mbao, anapokea wateja, anachora, anasubiri umeme urudi, anafuatilia madeni. Katika mwezi wa saa 200, tuseme 120 tu ndizo zinazofika kwenye ubao. Hizo ni oda nne za meza na viti. Mara 16,000, zinaleta shilingi 1,920,000. Baada ya kufanya kazi saa nyingi kuliko alizofanya ofisini, amekaribia mshahara wake wa zamani bila kuufikia, na hiyo ni kwa sharti kwamba oda nne hazikosekani hata mwezi mmoja.

Liongezwe na suala la mbao zinazokauka. Oda nne kwa mwezi zinahitaji mbao za shilingi 1,600,000. Akitaka kuwa na akiba ya miezi sita ili atumie mbao kavu tu, shilingi 9,600,000 zitakuwa zimelala chini ya paa, hazizai, wala benki haizipendi sana kama dhamana. Asiyekuwa nazo hununua mbao mbichi jana na kuzirandia leo, na hapo ndipo malalamiko ya wateja yanapozaliwa.

Hesabu hii haikatazi mtu kuhama. Inaonyesha tu kwamba kiinua mgongo kisiishie kwenye mashine zinazong'aa. Mashine zinaweza kukodishwa kwa jirani kwa saa. Mbao kavu na chakula cha nyumbani kwa miezi ya kujifunza havina wa kuvikodisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na karakana ndiyo mali inayopotea kimyakimya kuliko zote, kwa kuwa mwenyewe kila siku anajiona yuko kazini.

Waliotangulia

Tatizo la kutojilipa halipo Dar es Salaam peke yake. Nchini Marekani, Matthew Crawford alipata shahada ya udaktari ya falsafa ya siasa katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti mjini Washington. Aliacha kazi hiyo baada ya miezi mitano na kufungua karakana ya kutengeneza pikipiki mjini Richmond, Virginia. Katika kitabu chake cha mwaka 2009 anaeleza jinsi fundi anavyoweza kuvutwa na udadisi wake hadi akatumia kwenye pikipiki kuukuu saa ambazo hawezi kumtoza mwenye chombo. Msomi anayependa kazi yake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa sababu anachukua furaha kama sehemu ya malipo.

Mfano mwingine unahusu mbao zenyewe. George Nakashima alizaliwa mwaka 1905 mjini Spokane, Marekani, kwa wazazi wa Kijapani. Alisomea usanifu wa majengo, akapata shahada ya uzamili katika chuo cha MIT, na kufanya kazi Tokyo katika ofisi ya msanifu Antonin Raymond. Ofisi hiyo ilimpeleka India, mjini Pondicherry, kusimamia jengo la bweni, na huko alianza kutengeneza samani. Aliporudi Marekani mwaka 1940 hakuridhika na jinsi majengo yalivyokuwa yakijengwa. Msanifu alichora, wengine wakajenga, na hakuwa na mamlaka juu ya ubora. Aliamua kushika kazi ambayo angeisimamia mwenyewe tangu gogo hadi kiti.

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwahamisha kwa nguvu watu wenye asili ya Japani na kuwaweka kambini. Nakashima na familia yake walipelekwa Minidoka, jimbo la Idaho. Humo alikutana na Gentaro Hikogawa, seremala aliyefunzwa kazi ya jadi ya Kijapani, na msanifu mwenye shahada mbili akawa mwanafunzi wa fundi huyo. Mwaka 1943 Raymond alimsaidia kutoka, naye akahamia New Hope, Pennsylvania, ambako alianzisha karakana yake.

Kwa mfanyabiashara, yapo mambo mawili katika habari zake. La kwanza, hakutegemea oda za mkono peke yake. Aliuza michoro yake kwa viwanda, mojawapo kampuni ya Knoll, na kwa njia hiyo ujuzi wake wa zamani wa kuchora uliendelea kumlipa wakati karakana ikikua. La pili, alinunua magogo, akayapasua na kuziacha mbao zikauke kwa muda mrefu katika maghala yake. Mwaka 1973 Nelson Rockefeller alipoagiza samani 200 kwa ajili ya nyumba yake ya Pocantico Hills, New York, oda ya ukubwa huo ilikwenda kwa mtu aliyekwisha kujenga akiba ya mbao kwa miaka mingi. Nakashima alifariki mwaka 1990, na karakana iliendelea chini ya binti yake, Mira.

Isisahaulike kwamba kati ya kuacha usanifu na oda hiyo kubwa ilipita zaidi ya miaka 30.

Kinachohamishika na kisichohamishika

Mtu anapotoka ofisini, cheo hakihamishiki. Kwenye karakana, kijana wa miaka 22 aliyeanza na patasi akiwa mtoto ndiye mwalimu, na meneja wa zamani humwita fundi na kushika ubao anapoambiwa ashike. Wanaoshindwa kuvuka hapo huajiri mafundi na kubaki wasimamizi, yaani wamehamisha ofisi yao kwenye vumbi. Hilo ni halali kama biashara, ila si kile walichokiendea.

Kinachohamishika ni tabia ya kazi. Lawama kubwa ya wateja wa samani si ubovu wa kazi, ni neno "njoo kesho". Advansi imelipwa, tarehe imepita, simu haipokelewi. Mtu aliyezoea kufunga hesabu kila mwisho wa mwezi ana mtaji hapa usiohitaji benki: anaandika makubaliano, anataja tarehe anayoweza kuitimiza, hatumii advansi ya mteja mmoja kununulia mbao za mwingine, na anapiga simu kabla ya kupigiwa. Katika soko ambalo ahadi ni haba, ahadi inayotimizwa ina bei, na wateja huilipa.

Mahali pa kujifunzia papo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo vinavyofundisha useremala. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, hushughulika na wenye viwanda vidogo mikoani. Njia ya tatu, na ya zamani kuliko zote, ni kukaa kwa fundi mmoja na kufagia vumbi lake kwa muda.

Njia yenye hasara ndogo ni kuanza kabla ya kuacha. Mtu anunue mbao zake za kwanza wakati mshahara bado unaingia, azipange chini ya paa na vijiti katikati, na kuandika uzito wa kipande kimoja kila Jumamosi. Jioni na mwisho wa wiki ajifunze kwa fundi, na kila kiti anachotengeneza akiandikie saa zake. Siku mbao hizo zitakapokauka, daftari nalo litakuwa na miezi sita ya tarakimu za kweli. Zikionyesha kwamba saa zake zinalipika, barua ya kuacha kazi inaweza kuandikwa. Zisipoonyesha, atakuwa bado na mshahara wake, na mbao kavu ambazo thamani yake haijapungua.